Dawa za kushusha kolesteroli na gharama zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi zaidi kliniki na kwenye dirisha la dawa. Majibu yanahusu watu wazima. Bei tulizotaja ni za kuonyesha hesabu tu. Zinatofautiana kati ya duka na duka, na hata ndani ya mtaa mmoja.

Sijisikii mgonjwa. Kwa nini nimeze dawa kila siku?

Kolesteroli, au lehemu kama wengine wanavyoiita, haiumi. Haileti kizunguzungu wala kisogo kizito. Ukiambiwa kichwa kinakuuma kwa sababu ya mafuta mwilini, kapime presha kwanza. Kazi ya dawa hii si kukufanya ujisikie vizuri leo. Inapunguza uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi miaka ijayo.

Inapunguza kwa kiasi gani? Jibu linategemea hatari uliyonayo kabla ya kuanza. Tafiti kubwa zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba kila LDL (kolesteroli mbaya, inayoziba mishipa) inaposhuka kwa 1 mmol/L, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa karibu moja ya tano. Sasa chukua watu 100 ambao kila mmoja ana hatari ya asilimia 20 ndani ya miaka 10. Bila dawa, 20 kati yao watapatwa. LDL yao ikishuka kwa 1.5, watapatwa kama 14, maana yake watu sita wameokolewa. Ukichukua watu 100 wenye hatari ya asilimia 3, dawa ileile kwa muda uleule itamwokoa mmoja hivi. Ndiyo maana jirani yako mwenye namba kama yako anaweza kuambiwa abadilishe chakula tu, na wewe ukaandikiwa vidonge.

Karatasi yangu ya maabara inasema 6.4. Mwenzangu ana 247. Yeye ana hali mbaya zaidi?

Hapana, huenda mko sawasawa. Maabara moja inatumia mmol/L na nyingine mg/dL. Kwa kolesteroli, zidisha mmol/L kwa 38.67 upate mg/dL, na 6.4 inakuwa 247. Kwa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, kizidisho ni 88.57. Kabla ya kulinganisha chochote, hata majibu yako mwenyewe ya mwaka jana, angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba.

Tuisome karatasi ya mfano: kolesteroli jumla 6.4, HDL (kolesteroli nzuri) 1.1, trigliseridi 1.9, LDL 4.4. Mara nyingi LDL hiyo haikupimwa, imekokotolewa. Maabara huchukua jumla, hutoa HDL, kisha hutoa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2 (au kwa 5 kama ni mg/dL). 6.4 toa 1.1 toa 0.86 ni 4.4. Hesabu hii huharibika trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L, yaani 400 mg/dL. Ukiona trigliseridi 6 na karatasi bado inakupa LDL safi, uliza waliipataje.

Namba ya kuitazama ni LDL. Kolesteroli jumla inaweza kupanda kwa sababu HDL yako ni nzuri, na hilo si tatizo.

Lazima nikapime bila kula?

Kwa kipimo cha kawaida, si lazima. Chakula hubadilisha LDL kidogo sana. Utaombwa ufunge saa 8 hadi 12 pale trigliseridi zilipotoka juu na daktari anataka kuhakiki. Ukishafunga safari kutoka mbali na umekunywa chai njiani, usikubali kurudishwa nyumbani kabla hujauliza kama kipimo hicho kweli kinahitaji tumbo tupu. Nauli ya kurudi kesho nayo ni gharama ya matibabu.

Nani hasa anahitaji statini, kundi kuu la dawa hizi?

Kuna makundi ambayo hayana mjadala mrefu. La kwanza ni aliyewahi kupata shambulio la moyo, kiharusi cha mshipa kuziba, au aliyewekewa stenti, kibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo. La pili ni mwenye kisukari aliyefikisha miaka 40. La tatu ni mwenye namba za juu kupita kiasi, kwa mfano kolesteroli jumla ya 8 mmol/L au zaidi, au LDL ya 4.9 au zaidi. Huyu wa tatu mara nyingi amerithi. Ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli humpata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300, na ukimkuta mmoja, wapime ndugu zake na watoto wake. Dalili moja inayoonekana kwa macho ni uvimbe mgumu kwenye kano nene nyuma ya kisigino au juu ya vifundo vya vidole.

Wengine wote hukokotolewa hatari. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mwaka 2019 kwa watu wa miaka 40 hadi 74, na Afrika Mashariki ina chati yake. Wengi hawajui kwamba zipo chati za aina mbili. Moja inahitaji kolesteroli na kisukari. Nyingine haihitaji damu kabisa: unatumia umri, jinsia, sigara, namba ya juu ya presha na uwiano wa uzito kwa urefu. Zahanati yenye mzani, futi kamba na mashine ya presha inaweza kukukokotolea bila gharama ya maabara, kisha damu wakachukuliwe wale tu ambao majibu yake yatabadilisha uamuzi.

Nikiacha chipsi na nyama choma si itashuka yenyewe?

Itashuka, lakini pengine si kwa kiasi unachotarajia. Kolesteroli nyingi iliyo kwenye damu hutengenezwa na ini lako, haitoki sahanini. Kinachoipandisha zaidi kwenye chakula ni mafuta yanayoganda, kuliko kolesteroli yenyewe iliyo kwenye yai.

Tazama chupa na makopo ya jikoni. Mafuta ya nazi ni asilimia 80 hadi 90 mafuta ya aina hiyo. Mawese ni karibu nusu. Alizeti ni kama asilimia 11. Kwa hiyo wali wa nazi, samaki wa kupaka na maharage ya nazi vikipikwa kila siku na tui zito vina uzito kwenye LDL, hata kama mezani hapana kipande cha nyama. Hatusemi Mpwani aache nazi. Tui jepesi badala ya tui la kwanza, na nazi mara mbili kwa wiki badala ya kila siku, ni mabadiliko yanayoweza kudumu. Mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mpaka yakawa meusi, na yale ya kopo yanayoganda, yaondoe kabisa.

Mwenye LDL ya 4.4 anayebadili mafuta ya kupikia, anayekula maharage, dengu, mboga na ugali wa dona, na kupunguza uzito, anaweza kushuka kwa kadiri ya asilimia 10 au zaidi kidogo. Kwa mtu wa hatari ndogo hiyo inatosha. Kwa aliyewahi kupata kiharusi haitoshi, na kumwambia ajaribu chakula kwanza miezi sita ni kumchelewesha.

Kopo limeandikwa «halina kolesteroli». Ni salama?

Maandishi hayo ni kweli na hayana maana. Mimea haitengenezi kolesteroli ya kutosha kuandikwa, kwa hiyo hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli, hata mawese. Soma mstari wa mafuta yaliyoshiba (saturated fat), yaani yale yanayoganda.

Vitunguu saumu, ndimu, mdalasini na dawa za kusafisha mishipa je?

Kitunguu saumu kina athari ndogo sana kwenye LDL. Maji ya ndimu asubuhi hayana ushahidi, ila hayana madhara makubwa zaidi ya kula enameli ya meno. Dawa za kusafisha mishipa zinazouzwa kwa chupa ni jambo jingine. Hakuna kinachoingia mishipani kikakwangua mafuta kama anayesugua sufuria. Piga hesabu ya chupa moja kwa wiki, uizidishe kwa nne, halafu uulize bei ya statini ya mwezi. Mara nyingi chupa ndiyo ghali.

Tahadhari moja: bidhaa za wali mwekundu uliochachushwa zina kiambato kilekile cha lovastatini. Ukizitumia pamoja na statini ya hospitali, unameza dozi mbili bila kujua.

Statini inafanya nini mwilini, na hizi dawa zinatofautianaje?

Inazuia kimeng'enya kimoja ndani ya ini kinachotengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa, huongeza milango ya kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Hivyo LDL hushuka kwa sababu ini linaivuta, si kwa sababu dawa inaiyeyusha.

Zilizoenea kwenye maduka yetu ni atorvastatini, rosuvastatini na simvastatini. Miligramu zake hazilingani. Rosuvastatini 10 mg ina nguvu kuliko simvastatini 20 mg, kwa hiyo usiseme «nimepunguziwa dozi» kwa kuangalia namba tu. Atorvastatini 40 hadi 80 mg na rosuvastatini 20 hadi 40 mg hushusha LDL kwa nusu au zaidi. Atorvastatini 10 hadi 20, rosuvastatini 5 hadi 10 na simvastatini 20 hadi 40 hushusha kwa asilimia 30 hadi 49. Yule wa LDL 4.4 akimeza atorvastatini 20 mg kila siku atafika kama 2.6.

Kuna jambo la hesabu linalowaokoa watu pesa na madhara: ukishaanza, kila unapoongeza dozi mara mbili unapata asilimia 6 hivi tu ya ziada. Kazi kubwa hufanywa na dozi ya kwanza. Kama 40 mg haijakufikisha, kuongeza ezetimaibu 10 mg, inayoshusha kama asilimia 20 nyingine, mara nyingi kuna faida kuliko kusukuma statini hadi kileleni.

Nimeze saa ngapi? Na mwezi wa Ramadhani?

Simvastatini meza usiku, kwa sababu haikai sana mwilini na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa muda mrefu, saa yoyote inafaa mradi iwe ileile. Anayefunga ameze baada ya futari au wakati wa daku. Ni kidonge kimoja kwa siku, hakigongani na saumu.

Kama unatumia dawa ya maji ya kiungulia yenye alumini na magnesi, usiinywe mpaka saa mbili zipite baada ya kumeza rosuvastatini.

Nimesikia zinaharibu misuli. Miguu yangu inauma tangu nianze.

Hili ndilo linalowafanya wengi waache, kwa hiyo tulijibu kwa urefu.

Maumivu ya misuli yapo, ila yanayosababishwa na dawa yenyewe ni machache kuliko yanayosimuliwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 Uingereza uliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, ukawapa kwa zamu statini, vidonge bandia visivyo na dawa, na miezi mitupu. Asilimia 90 ya usumbufu waliopata kwenye statini waliupata pia kwenye kidonge bandia. Maumivu yao hayakuwa ya uongo, misuli iliuma kweli. Ila mtu akisubiri kuumia, mwili husikia kila kitu, na mtu wa miaka 55 ana sababu nyingi za kuumwa miguu.

Maumivu ya statini huwa pande zote mbili, kwenye mapaja, nyonga au mabega, na huanza wiki za mwanzo au baada ya kuongezwa dozi. Goti moja linalouma unapopanda ngazi si hilo. Ganzi na kuwaka moto nyayoni kwa mwenye kisukari si hilo pia.

Cha kufanya: usiache kimyakimya. Mwambie aliyekuandikia. Atapima kimeng'enya cha misuli kinachoitwa CK, na kama hujawahi, tezi ya shingo, kwa sababu tezi iliyolegea hupandisha kolesteroli na kuumiza misuli kwa pamoja. Ukitibiwa tezi, huenda vyote viwili vikaisha. Kisha mtasimamisha dawa wiki mbili hadi nne. Maumivu yasipoondoka, haikuwa dawa. Yakiondoka, unaanza upya kwa dozi ndogo au statini nyingine. Wapo wanaomaliza na rosuvastatini 5 mg siku moja ndiyo siku moja hapana, na bado LDL inashuka kiasi cha maana.

Hali moja haisubiri miadi: misuli inauma vikali, imelegea, na mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi au kola. Acha dawa siku hiyohiyo na uende hospitali. Misuli inavunjika na inaweza kuziba figo. Ni nadra sana, na mara nyingi kuna dawa nyingine iliyogongana nayo.

Ini je? Kisukari? Nguvu za kiume? Kusahau?

Ini hupimwa kabla ya kuanza. Baada ya hapo, kulipia kipimo cha ini kila miezi mitatu bila dalili ni kupoteza pesa. Kinachotutia wasiwasi ni ALT, kimeng'enya cha ini, kuzidi mara tatu ya kiwango cha juu, macho kuwa ya njano, au mkojo kuwa mweusi. Ini lenye mafuta si sababu ya kunyimwa statini.

Kisukari: ni kweli statini hupandisha sukari kidogo, na hasa dozi kubwa huwasogeza mbele baadhi ya waliokuwa tayari ukingoni. Kwa mwenye hatari ya moyo faida inazidi. Mwenye kisukari tayari asiache, yeye ndiye anayeihitaji zaidi.

Nguvu za kiume: swali hili huulizwa kwa sauti ndogo mlangoni, mtu ameshaaga. Hakuna ushahidi mzuri kwamba statini inaziondoa. Mara nyingi mishipa ileile iliyoanza kuziba ndiyo chanzo, au kisukari, au baadhi ya dawa za presha. Lisemwe, maana linatibika.

Kusahau: visa vichache vimeripotiwa na viliisha dawa ilipoachwa. Majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba statini hudhoofisha akili.

Natumia dawa nyingine. Zinagongana?

Baadhi, ndiyo, na hapa ndipo makosa ya kweli hutokea. Beba vidonge vyako vyote kwenye mfuko unapokwenda kliniki, pamoja na vya mitishamba.

Amlodipini, dawa ya presha iliyo kwenye mifuko ya watu wengi, hairuhusu simvastatini kuzidi 20 mg. Ukiona umeandikiwa amlodipini na simvastatini 40 mg, rudi uulize. Antibayotiki za klarithromaisini na erithromaisini hupandisha simvastatini na atorvastatini kwenye damu. Kwa dozi ya siku saba, mara nyingi husimamishwa statini kwa wiki hiyo. Vivyo hivyo vidonge vya fangasi vya itrakonazoli na ketokonazoli. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: inaondoa dawa haraka mpaka haifanyi kazi.

Kwa wanaotumia ARV: dolutegraviri haina shida na statini. Dawa zenye ritonaviri zina shida kubwa, simvastatini hairuhusiwi kabisa nazo, na nyingine hupunguzwa. Watu wenye VVU wana hatari ya moyo iliyo juu zaidi. Utafiti wa mwaka 2023 uliowahusisha watu 7,769, Uganda ikiwemo, ulionyesha pitavastatini 4 mg ikipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Kwa hiyo swali liulizwe CTC, kliniki ya ARV, pia.

Balungi nalo limo. Glasi kubwa za juisi yake kila siku hupandisha simvastatini na atorvastatini. Chungwa na chenza havina neno.

Nina mimba, au nataka kubeba.

Kwa wengi, statini husimamishwa wakati wa mimba na kunyonyesha. Ukigundua una mimba huku unaimeza, iache, usipaniki, nenda kliniki. Waliowahi kupata shambulio la moyo au wenye ugonjwa wa kurithi waamue na daktari bingwa.

Nimepima, imeshuka. Naweza kuacha?

Imeshuka kwa sababu unameza. Ukiacha, ndani ya wiki chache LDL inarudi ilipokuwa. Kipimo kizuri baada ya dawa ni uthibitisho kwamba dawa inafanya kazi. Wengi humeza mwezi mmoja, hupima, hufurahi, huacha, na mwaka unaofuata wanalipia tena kuonana na daktari, kupima na kuanza upya. Hiyo ndiyo njia ghali kuliko zote za kutumia dawa rahisi.

Kampuni za dawa si zinatafuta pesa tu?

Zinatafuta, kama duka lolote. Lakini statini ya kwanza ilitokana na ukungu uliochunguzwa na Akira Endo nchini Japani miaka ya 1970, lovastatini ikaruhusiwa Marekani mwaka 1987, na hataza (haki ya kampuni moja tu kutengeneza) ya Lipitor, jina la biashara la atorvastatini, iliisha huko mwaka 2011. Leo viwanda vingi, hasa vya India, vinatengeneza dawa hizi bila kumlipa mwenye hataza. Simvastatini ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Mwenye kutafuta faida kubwa leo yuko kwenye sindano mpya na kwenye chupa za kusafisha mishipa.

Mbona bei inatofautiana hivi? Ya bei rahisi ni dhaifu?

Unalipia jina kwenye boksi. Dawa ya jeneriki iliyosajiliwa ina kiambato kilekile na miligramu zilezile. Mwambie daktari aandike jina la dawa, si jina la boksi, kisha dukani sema: «Naomba atorvastatini 20 ya bei nafuu iliyosajiliwa.»

Linganisha kwa kidonge, si kwa boksi. Tuseme boksi la vidonge 28 ni shilingi 42,000, na pakiti ya vidonge 10 ni 5,000. Boksi linatoka 1,500 kwa kidonge, pakiti 500. Kwa mwaka ni 547,500 dhidi ya 182,500. Angalia pia boksi la 28: mwezi una siku 30, kwa hiyo utahitaji maboksi 13 kwa mwaka, na siku mbili za kila mwezi huwa ndizo watu wanazoruka.

Naweza kununua 40 mg nikaikata iwe 20?

Kwa vidonge vya kawaida vya statini, ndiyo, ukikubaliana na mfamasia. Mara nyingi 40 mg haifiki mara mbili ya bei ya 20 mg. Ikiwa 20 mg ni 600 na 40 mg ni 800, nusu inakugharimu 400, na mwezi unashuka kutoka 18,000 hadi 12,000. Tumia kikata vidonge au wembe mpya, kata kimoja kwa wakati, nusu ya pili uimeze siku inayofuata. Usikate pakiti nzima ukaweka kwenye kikopo, unyevu utaziharibu. Vidonge vya mchanganyiko na vile vya kutoa dawa polepole havikatwi. Mwenye macho hafifu au mikono inayotetemeka asijaribu.

Kugawana dawa na mkeo au mumeo si kuokoa pesa. Wote wawili mnapata nusu ya tiba.

Bima inalipia?

Tanzania, mwenye kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) aulize kabla hajatoka kwa daktari: «Dawa hii imo kwenye kitita?» Ikiwa imo lakini haipo stoo, omba fomu ya kuchukulia kwenye duka lililosajiliwa na mfuko, usilipe mfukoni kwa haraka. Ikiwa haimo, uliza statini nyingine iliyomo. Mara nyingi ipo, na daktari anabadilisha kwa dakika moja. CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii) ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka katika mikoa mingi, nayo ilianzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha mpangilio huu, kwa hiyo kiwango cha sasa kiulizwe ofisi ya kata.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ana haki ya msamaha kwenye vituo vya serikali. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji upate barua, kisha ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kasoro yake inajulikana: msamaha unafuta malipo, haujazi stoo. Dawa isipokuwepo, mzee anaambiwa akanunue. Ulizia ni siku gani mzigo wa Bohari ya Dawa hufika, uende wiki hiyo.

Kenya, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilichukua nafasi ya NHIF ya huko tarehe 1 Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, si chini ya KSh 300 kwa mwezi. Huduma za msingi kwenye vituo vya level 2 na 3 hulipiwa na mfuko tofauti ukishajisajili. Mgonjwa aliyetulia kwenye dawa ana faida kufuatilia huko karibu na nyumbani, badala ya foleni ya hospitali kubwa.

Hela haitoshi dawa zote. Nianze na ipi?

Usiamue dukani peke yako, sema kwa daktari kiasi ulichonacho kwa mwezi, kwa shilingi. Kwa maoni yetu mpangilio ni huu. Kama hujawahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, dawa ya presha na ya kisukari zitangulie. Kiharusi katika ukanda wetu husukumwa zaidi na presha. Kama umeshapata shambulio la moyo, statini na aspirini si za hiari, na ukipunguza punguza kwingine: vitamini, vipimo vya kurudia, sindano za nguvu.

Vipimo gani naweza kukataa?

Baada ya kuanza, pima wiki 6 hadi 12 kuona kama dozi inatosha. Baadaye mara moja kwa mwaka. Kupima kila mwezi hakubadilishi chochote, na vifurushi vya «chunguza mwili mzima» hujaza karatasi namba ambazo hakuna atakayezifanyia kazi. Ukitulia, omba uandikiwe dawa za miezi miwili au mitatu kwa mpigo. Nauli na ada ya kumwona daktari mara nyingi huzidi bei ya vidonge vyenyewe.

Nitajuaje si feki?

Nunua famasi yenye leseni ukutani, si kwa mtu wa mkononi wala kwenye basi. Soma jina, miligramu, namba ya toleo na tarehe kwenye pakiti yenyewe, maana pakiti hukatwa na tarehe ikabaki kwa mwenzako. Omba kipande chenye tarehe. Usajili unaweza kuhakikishwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Nyumbani weka chini ya nyuzi 30, mbali na jiko na mbali na dirisha la gari.

Nimesahau jana. Nimeze viwili leo?

Kimoja. Endelea kama kawaida.